Injini Mbili za Toyota IST na Mzigo wa Familia

Toyota IST ya toleo la kwanza, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2002 na ambayo hadi leo imejaa katika barabara za Tanzania, ilitengenezwa kwa injini mbili za petroli za ukoo mmoja, yaani 2NZ-FE yenye ujazo wa cc 1298 na 1NZ-FE yenye cc 1497. Kipenyo cha silinda ni milimita 75 katika zote mbili. Kilichoongezwa ni safari ya pistoni, yaani umbali ambao pistoni hupanda na kushuka, kutoka milimita 73.5 hadi 84.7. Kwa kuwa safari ndefu hudai mkono mrefu zaidi wa krenki, ambayo ni mhimili unaogeuza mwendo wa pistoni kuwa mzunguko, shinikizo lilelile ndani ya silinda huzalisha nguvu kubwa zaidi ya kuvuta.

Sifa ya injini ndogo kwamba hula mafuta kidogo ina ukweli katika foleni za Dar es Salaam, lakini gari likibeba watu watano na mizigo yao kupanda mlima Kitonga, injini hiyo hulazimika kushuka gia na kuzunguka kwa kasi, hivyo sehemu ya akiba hiyo hupotea. Familia inayosafiri mikoani mara kwa mara inafaa kuchukua cc 1497, hasa kwa kuwa injini zote mbili huangukia kundi moja la ushuru wa bidhaa, lile la kati ya cc 1000 na 2000.

Zote hutumia mnyororo wa taiming badala ya mkanda, na mfumo wa VVT-i, unaorekebisha wakati wa kufunguka kwa vali, huendeshwa kwa shinikizo la oili. Kwa sababu hiyo, oili iliyopuuzwa huziumiza zote sawasawa, na mlio wa kukwaruza injini inapowashwa ikiwa ya baridi hueleza mengi kuliko kilomita za kwenye dashibodi, ambazo hurudishwa nyuma kwa urahisi.

Namba ya chesisi inayoanza na NCP60 huonyesha injini ndogo, ilhali NCP61 na NCP65, hii ya mwisho ikiwa ya magurudumu manne yanayovuta, huonyesha kubwa. Hata hivyo, kwa kuwa injini hubadilishwa gereji, namba iliyogongwa kwenye bloku hulinganishwa na ile iliyoandikwa kwenye kadi ya gari kabla ya malipo.