Kinanda cha Filimbi na Fundi Wake

Huko Ubelgiji na Uholanzi makanisa mengi yamefungwa, maana wenye kusali wamepungua. Mabenchi yauzwa, kengele zateremshwa, na kinanda cha filimbi chatafutiwa makao mengine. Hapo fikira njema huwajia wengi: mbona kidogo kimoja kisiletwe kwetu, tuseme Sakania? Njia si ngeni. Reli kutoka kusini ilifika Sakania mwaka 1909, ikafika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Wasomaji wapenzi, twataka kuipima fikira hiyo kwa haki, wala si kuidharau.

Kwanza tuutaje wema wake. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika hati yake juu ya Liturujia ya mwaka 1963, uliagiza kinanda cha filimbi kiheshimiwe sana katika Kanisa la Kilatini, nao ukaruhusu vyombo vingine vifaavyo kwa ibada. Heshima hiyo ina sababu. Kinanda hiki chapumua kama mtu. Mivukuto yasukuma upepo ndani ya sanduku. Kidole kikibonyeza, upepo wapanda katika filimbi, nayo yaimba mpaka kidole kiondoke. Kwa hiyo chaweza kuongoza sauti za kanisa zima pasipo kuchoka.

Lakini kukihamisha si sawa na kuhamisha meza. Hata kidogo, chenye safu 4 za filimbi na vibonyezo 54, kina filimbi 216. Kila moja yapasa kuandikwa namba, kuviringishwa na kulazwa katika sanduku lake. Zile za madini zimetengenezwa kwa bati na risasi, nazo ni laini: ikibonyea mdomoni, sauti yaharibika. Tena zikifika, zapaswa kulinganishwa upya, maana kila kanisa lina mwangwi wake.

Kisha yaja hali ya hewa. Katika Katanga ya Juu mvua hunyesha tangu Novemba hata Aprili, halafu hufuata miezi ya ukavu na vumbi. Mbao zilizozoea unyevu wa Ubelgiji hukauka na kupasuka, gundi huachia, ngozi ya mivukuto hukakamaa. Upepo ukivuja, filimbi moja hulia bila kuguswa, na nyingine hunyamaza. Tusisahau mchwa na panya.

Je, basi, tuseme haiwezekani? La. Tutazame nchi nyingine ya joto, Ufilipino. Katika parokia ya Las Piñas, Padre Diego Cera, Mhispania, alianza kujenga kinanda mwaka 1816, akakimaliza mwaka 1824. Filimbi zake ni 1,031, na 902 katika hizo ni za mianzi, mti wa nchi ile ile. Mwaka 1973 kinanda hicho kilichochakaa kilisafirishwa hata Bonn, Ujerumani, kwa mafundi wa nyumba ya Klais. Mafundi wale walikitengenezea chumba chenye joto na unyevu kama wa Ufilipino, mianzi isije ikapasuka. Mwaka 1975 kikarudi kwao, nacho chapigwa hata leo. Tena baadaye Wafilipino wenyewe wakajifunza kazi hiyo, na mwaka 1994 wakaanzisha karakana yao ya kujenga na kutengeneza vinanda.

Hapo ndipo twaona kasoro ya fikira ya wafadhili wengi. Wao huhesabu nauli ya meli na ushuru, hawamhesabu fundi. Aletaye kinanda pasipo fundi ameleta kabati zuri. Miaka michache itapita, nalo litakaa kimya, na waamini watajiona wao ndio waliokiua, kumbe hawakufundishwa kukitunza.

Wala tusidhani Katanga hakuna watu wa muziki. Joseph Kiwele, mwana wa nchi, alitunga Misa ya Kikatanga. Tena mwaka 1958, huko Kamina, vijana wa Padre Guido Haazen, Mfransisko, waliimba Missa Luba kwa ngoma, bila kinanda, na dunia ikawasikiliza. Basi Sakania yaweza kumsifu Mungu vema hata kinanda kisipofika.

Kwa hiyo hukumu yetu ni hii. Mfadhili na amlipie kwanza kijana mmoja wa parokia, seremala mwenye sikio zuri, akajifunze miaka kadhaa. Huyo ndiye akifungue kinanda kule Ulaya kwa mikono yake, aandike namba, afunge masanduku, asafiri nacho na kukisimamisha. Parokia nayo itengeneze paa lisilovuja, iweke akiba ya ngozi na gundi. Haya yakikubaliwa, na kije, tutakipokea kwa shangwe. Yasipokubaliwa, fedha ile ya nauli ni afadhali iwanunulie waimbaji vitabu na ngoma.