Abasia ya Monte Cassino: je, imejengwa upya vema?

Wasomaji wetu wa seminari, na wale walio katika misioni za Masisi na Walikale, wanajua maana ya kurudi kijijini na kukuta majivu. Kwa hiyo twataka kupima kazi moja inayosifiwa sana katika Eklezya: kujengwa upya kwa abasia ya Monte Cassino, katika Italia.

Mtakatifu Benedikto aliianzisha karibu na mwaka 529. Walombardi waliibomoa katika karne ile ile ya 6. Wamonaki wakakimbilia Roma. Petronax aliiinua tena kuelekea mwaka 720. Wasaraseni waliichoma mwaka 883, na tetemeko la nchi likaiangusha mwaka 1349. Tarehe 15 ya mwezi wa pili 1944 ndege za Waamerika ziliipiga mabomu. Ndani mlikuwa abati mzee Gregorio Diamare, wamonaki wachache, na mamia ya raia waliokimbia vita. Wengi katika raia hao walikufa.

Baada ya vita abati Ildefonso Rea alitaka ijengwe palipokuwa, namna ilivyokuwa. Papa Paulo VI aliiweka wakfu tarehe 24 ya mwezi wa kumi 1964. Kazi ni ya ustadi, hatuidharau. Hata maandiko ya kale, yaliyohamishiwa Roma mwaka 1943, yaliokoka.

Lakini twaona upungufu. «Namna ilivyokuwa» ni shauri jema kwa mawe, si kwa watu. Kuta zilizo kamilifu hivyo zamsaidia mgeni kusahau. Regula, katika sura ya 53, yaagiza wageni wapokelewe kama Kristu mwenyewe. Abasia ilipigwa ikiwa imejaa wageni. Hapo ndipo ilipotimiza Regula. Jengo jipya halisemi neno hilo kwa sauti ya kutosha.

Twasema hayo kwa ajili ya Mokoto. Watrapisti wa Scourmont, Ubelgiji, walianzisha monasteri hiyo katika Masisi mwaka 1954, wakishika Regula ile ile. Mwezi wa tano 1996 Watutsi waliokimbilia humo walishambuliwa, wengi wakauawa. Wamonaki wakahamia Keshero, karibu na Goma. Mahali kama hapo, kurudisha mawe namna yalivyokuwa hakutoshi, maana kuta zile hazikuzuia panga. Kinachopaswa kujengwa kwanza ni ujirani wa wabatizwa.

Alama ya Monte Cassino ni mti uliokatwa unaochipuka tena. Ni kweli: hata mikalitusi yetu huchipuka. Lakini alama ya shoka hubaki katika kisiki, na yeyote apitaye aiona.

Basi, ndugu katekista, ukijenga upya kapela iliyochomwa, usiridhike na mabati mapya. Kusanya majina ya waliokufa, wa kabila lo lote, yasomwe mbele ya altare kila mwaka, siku ya Marehemu wote.