Kitabu cha Daktari Krapf na Hesabu ya Mavuno

Kitabu cha safari za Daktari Ludwig Krapf, kilichopigwa chapa kwa Kijerumani mwaka 1858, na kwa Kiingereza huko London mwaka 1860, hutajwa makanisani kuliko kisomwavyo. Ikifika siku ya kuwakumbuka wamisionari, sisi walimu husimama na kusema: Tazameni, alimzika mkewe, akavumilia, na leo Kanisa limejaa. Nasi tumesema hivyo mara nyingi. Lakini baada ya kukisoma kitabu chenyewe tangu mwanzo hata mwisho, twaona kwamba tumekisingizia.

Kwa maana katika kitabu kile hamna mavuno. Daktari Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwezi wa Julai mwaka ule ule mkewe Rosina alikufa kwa homa, na mtoto wao mchanga wa kike akamfuata. Yeye mwenyewe alikuwa hoi kitandani. Mwaka 1846 akaja Johannes Rebmann, wakajenga Rabai. Miaka ikapita. Mringe, kiwete mmoja wa Kinyika, akaupokea ujumbe, akabatizwa akiwa karibu kufa. Huyo naye akaenda kaburini. Mwaka 1851 Krapf alikwenda Ukambani ili kufungua kazi huko. Rafiki yake Kivoi, mkuu wa Wakamba, akauawa na wanyang'anyi karibu na mto Tana, naye Krapf akakimbilia porini, akichukua maji katika mitutu ya bunduki na katika mfuko wa ngozi wa darubini. Akarudi Rabai mikono mitupu. Mwaka 1853 ugonjwa ukamwondoa pwani.

Baada ya hayo ndipo alipoandika. Freretown, mji wa watumwa waliowekwa huru, ulikuwa haujajengwa bado. Ulianza miaka ya 1870. Sisi twasoma tukijua. Yeye aliandika asijue. Na uzuri wa kitabu, kwa maoni yetu, uko papo hapo. Habari za kiu na njaa, na za kupotea njia usiku, zasimuliwa bila madaha. Hajitetei, wala hamtetei Mungu. Kweli, aliwaandikia wakubwa wake kwamba kaburi la Rosina ni dalili ya kuanza kwa vita vya Injili upande huu wa Afrika. Lakini siku ya ushindi hakuitaja.

Walakini kitabu kina ila, nayo si ndogo. Daktari alipenda mno ramani. Aliwaza mnyororo wa vituo kutoka Mombasa, kukata bara zima hata pwani ya magharibi, na akiishika habari hiyo kalamu yake hukimbia. Mtu angedhani nyumba zimekwisha kuezekwa. Mtu yule yule aliyemwachia Mungu kaburi la mkewe hakuweza kumwachia ramani. Twamwona kama mkulima ahesabuye vikapu kabla ya mvua. Rebmann alikaa Rabai mpaka mwaka 1875, tangu alipokuja ni miaka 29, na mwisho macho yake yalikuwa karibu kuzimika, na Wakristo wake wachache. Hakuacha kitabu cha safari kama hiki. Pengine ndiyo sababu twamsahau katika hotuba zetu.

Na hotuba hizo zina madhara. Tukisema, alivumilia ndipo mavuno yakaja, twawafundisha watu kwamba mavuno ndiyo hati ya imani. Basi mwalimu wa kijiji chenye viti vitupu asemeje? Tulikaa miaka mitatu katika shule ya namna hiyo. Wanafunzi walipungua hata wakabaki wanne. Mwenzetu tuliyefundisha naye aliisikia hotuba ile siku ya sikukuu, nasi ndio tulioitoa. Usiku akatuambia, “Ndugu yangu, basi mimi sikuamini vya kutosha.” Hatukuwa na la kumjibu. Mwaka uliofuata akaiacha kazi, akarudi kwao.

Laiti siku ile tungalikuwa na kitabu chenyewe, tukamsomea jinsi Krapf alivyorudi kutoka Tana, bila kumwambia yaliyotokea baadaye.