"Kupooza": Neno Moja kwa Hali Mbili

Katika istilahi za afya zilizozoeleka mno hata hazihojiwi, "kupooza" lastahili kutajwa kwanza. Neno hili hutumika kwa mzee mwenye kiharusi, kwa mtoto wa polio na kwa mtu aliyedhuriwa na sumu ya muhogo. Katika mazungumzo halina dhara. Katika fomu ya zahanati, dhara lake ni kubwa.

Tuchukue Mtowisa, bondeni mwa Rukwa, chini ya uwanda wa juu wa Ufipa. Mhudumu akiandika kwamba mtoto "amepooza miguu", afisa aliyeko Sumbawanga aelewe nini? Iwapo miguu imelegea ghafla na mtoto hajatimiza miaka 15, yapasa sampuli mbili za choo zichukuliwe ndani ya siku 14, zikipishana kwa saa 24 au zaidi, ili polio itafutwe. Haya si ya nadharia: mwaka 2023 polio ilithibitishwa kwa mtoto mkoani Rukwa, na Septemba mwaka huo watoto wa chini ya miaka 8 katika mikoa sita wakapewa matone ya chanjo.

Miguu ikiwa imekakamaa, habari ni nyingine. Wilayani Tarime mwaka 1985, wakati wa ukame, watu walikula muhogo mchungu usioandaliwa kwa muda wa kutosha, huku chakula chao kikipungukiwa protini. Sumu ya sianidi ikawaletea konzo, ugonjwa wenye jina lililotwaliwa kutoka Kiyaka cha Kongo, nalo ladokeza miguu iliyofungwa. Mgonjwa huenda akichuchumia, magoti yakigusana. Miguu yake imekaza. Kusema "imepooza" ni kusema kinyume, kwani kitenzi hiki chabeba maana ya kunyauka: embe hupooza likanyauka kabla ya kuiva.

Wapo wafasiri wanaotumia "ukakamavu" na "ulegevu". Sikubaliani nao. Ukakamavu ni sifa ya askari kwenye gwaride. Ulegevu ni lawama ya mtumishi mzembe. Nomino zote mbili zimekwisha kutekwa na tabia, hata "mgonjwa ana ukakamavu wa miguu" yasomeka kama pongezi! Vitenzi vyake vimebaki safi. Sioni kwa nini istilahi lazima iwe nomino. Mazoea hayo tumeyapata kwa kufasiri Kiingereza. "Kupooza" libaki neno la jumla, lakini fomu iulize papo hapo: "Miguu imelegea au imekakamaa?" Mhudumu ambaye lugha yake ya kwanza ni Kifipa atajibu bila kamusi.

"Mshipa wa fahamu" nao watia shaka, maana mshipa ni wa damu pia, na kwa wengi "ugonjwa wa mshipa" ni ngiri. Neva yatosha.

Kuhusu mwendo wenyewe, lugha yetu ni tajiri: kuchechemea, kwenda chopi, kupepesuka, kukokota mguu. Apepesukaye bila kulewa huenda ana hitilafu ya ubongo wa nyuma. Aanzaye ghafla kukokota mguu mmoja huenda amepatwa na kiharusi. Watunga fomu huyafuta yote haya wakaandika "tatizo la kutembea". Shirika la Afya Duniani, mwaka 1996, lilipima ukali wa konzo kwa mwendo: atembeaye bila kushikilia kitu, ahitajiye fimbo au magongo, na asiyeweza kutembea pasipo kushikwa na mtu. Madaraja hayo matatu hayakuhitaji istilahi mpya hata moja.