Kufufua Kisu cha Kukunja

Kisu cha kukunja kilichotengenezwa Sheffield, Uingereza, zamani za babu zetu hakina skrubu hata moja. Ubapa wa chuma, kamani ya mgongoni, mabamba membamba ya shaba na vibao vya mfupa au pembe, vyote vimeshikwa na ribiti zilizogongwa mpaka zikazama. Ukitaka kukifungua, sharti uziharibu ribiti hizo. Ndiyo maana fundi mzuri hakimbilii kukifungua.

Huanza na mafuta. Hudondosha matone kwenye bawaba, akalaza kisu usiku kucha, kisha hukikunja na kukikunjua, akafuta uchafu mweusi unaotoka, akarudia. Sikio ndilo kipimo chake. Kamani ikiwa hai, ubapa hufunguka na kujibana kwa mlio mkavu. Mlio ukiwa mzito, kazi bado.

Kutu nyekundu huondolewa kwa mkono. Ile rangi ya kijivu iliyoachwa na miaka ya kukata matunda huachwa, na mimi naiona nzuri kuliko mng'ao wowote. Mashine ya kung'arishia inaogopwa, tena kwa haki: hufuta muhuri wa mtengenezaji ulio karibu na bawaba, na joto lake huua makali. Chuma hicho kikipanda hadi nyuzi 300 hivi za Selsiasi hugeuka buluu, na ugumu wake umekwenda.

Kuna ugonjwa mmoja usiovumilika. Vibao vya seluloidi, ile plastiki ya kale, vikianza kuoza hutoa mvuke wa tindikali unaokula chuma, hata cha visu vingine vilivyomo kwenye droo hiyohiyo. Hapo vibao ving'olewe tu, na fundi apate nafasi ya kukipa kisu sura mpya. Baadhi huchagua mpingo, ule ule wa Kilwa na Lindi unaotengenezewa zumari za Ulaya, kwa kuwa ni mzito, mgumu, na ukisuguliwa hung'aa wenyewe bila vanishi.

Kugonga ribiti mpya ndipo ufundi unapoonekana. Ikigongwa mno, bawaba inakaza. Ikigongwa kidogo, ubapa unayumba. Fundi hupachika kipande chembamba cha bati kando ya ubapa ili kuacha nafasi ya unywele, hugonga polepole kwa nyundo ndogo akizungushia kichwa cha ribiti, kisha hulichomoa bati na kujaribu.

Zamani kazi hii iligawanywa: mmoja alifua, mwingine akasaga, mwingine akaunganisha. Stan Shaw, aliyeingia kazini Sheffield akiwa na miaka 14 na kufariki mwaka 2021, aliyafanya yote kwa mikono yake. Namheshimu sana kwa hilo, maana mtu wa namna hiyo hana wa kumsingizia kasoro.

Mwishoni kisu huinuliwa dirishani. Mwanga ukipenya kati ya kamani na bamba la shaba, ribiti hutolewa na kazi huanza upya.