Sifa za Almasi Yenye Doa

Kisangani inajua kukagua almasi. Katikati ya mji, kuta za nyumba za wanunuzi zimechorwa jiwe hilo. Ndani, mnunuzi hulielekeza kwenye mwanga, akalitazama kwa kioo cha kukuzia, akatafuta doa. Doa hushusha bei.

Mwaka 2015, huko Delft, Uholanzi, wanafizikia walizitaka almasi kwa sababu ya doa lenyewe: pale atomu ya naitrojeni ilipokalia nafasi ya kaboni, na jirani yake pakabaki patupu. Almasi mbili, zilizokuzwa maabara, zilitenganishwa kwa kilomita 1.3. Kila moja iliulizwa moja ya maswali mawili, ikajibu ndiyo au hapana. Majibu yalitakiwa kufanana, isipokuwa zote mbili zikiulizwa swali la pili; hapo yatofautiane. Yote yalikwisha upesi mno hata mwanga usiwahi kupeleka habari upande wa pili, kama mashahidi wanaohojiwa vyumba tofauti.

Waliopatana majibu mapema hawashindi mchezo huu, kwa wastani, zaidi ya mara 3 katika 4. Njia ya hesabu hiyo ilifunguliwa na John Bell wa Belfast mwaka 1964. Almasi za Delft zilishinda mara 196 katika 245.

Ufundi ninaousifu, wa kuzalisha namba za nasibu zinazothibitishwa, umejengwa juu ya ushindi wa namna hiyo. Jibu ambalo halikupangwa popote haliwezi kutabiriwa na yeyote, hata aliyeunda mashine kwa nia mbaya. Kifaa kiwe na kelele, kikosee mara kwa mara. Kiasi kinachovuka robo tatu ndicho kinachoonyesha nasibu iliyomo, kisha hesabu huichuja. (Maswali nayo yachaguliwe kwa nasibu, mtaji kidogo lazima uwepo.) Mwaka 2010, Stefano Pironio na wenzake walifanya majaribio 3,016 wakavuna biti 42 za nasibu. Uchache huo naupenda: hawakudai hata biti moja wasiyoweza kuithibitisha. Mwaka 2018, taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, ilifikia biti 1,024 kwa kutumia fotoni.

Mama anayetuma pesa kwa simu kutoka Makiso, Kisangani, hadi Bunia analindwa na namba zisizotabirika. Mwaka 2012 watafiti waligundua vifaa vingi vya intaneti vyenye funguo dhaifu za kusimba habari, kwa kuwa nasibu yao ilikuwa haba.

Walimu wa Kisangani, mchezo huu hauhitaji maabara. Watengeni wanafunzi wawili, wapeni maswali hayo kwa kurusha sarafu, mhesabu ushindi wao. Wakishaona kwamba kwa wastani robo tatu haivukiki, waelezeni kilichotokea Delft.