"Bonyeza mara moja tu"

Mwaka jana niliomba nafasi ya masomo ku saiti ya chuo kikuu kimoja, jina naliacha. Nikajaza fomu, nikabonyeza "Tuma". Kiduara kikazunguka weee, mega zikaisha. Nikanunua zingine, fomu ilikuwa bado pale pale, nikabonyeza tena. Na tena. Siku ya kuitwa, mama wa ofisi akaniuliza: "Juu ya nini uko na dosie tatu? Unataka kutudanganya?" Nilikaa wiki mbili nikijieleza. Na chini ya ile buto waliandika kwa rangi nyekundu: "Bonyeza mara moja tu."

Mimi nilisoma informatiki, na nasema wazi: maneno hayo ni fomu kukiri kwamba imeshindwa kazi yake.

Njia ya zamani iko nzuri. Fomu inatuma data kwa POST. Seva inaandika, kisha inajibu kodi 303 pamoja na anwani ya risiti. Kivinjari kinaenda kule kwa GET. Mtu akipakia ukurasa upya, anapakia risiti tu, hatumi fomu tena.

Njia ya pili ni fetch: JavaScript inatuma kwa nyuma, ukurasa haubadiliki. Kwa sisi wa mega chache inafaa, maana seva inaweza kurudisha mistari miwili ya JSON pahali pa ukurasa mzima. Lakini wengi wetu tunabandika fetch juu ya seva ya zamani bila kuigusa. Seva inajibu 303, fetch inafuata yenyewe, inapakua risiti yote, na mtu haoni kitu. Amelipia ukurasa usioonekana! Kibaya zaidi, kwa fetch jibu la 422 au 500 ni jibu tu kama mengine. Usipoangalia response.ok, unaandika "Asante, tumepokea" wakati seva imekataa.

Basi tuanze na fomu inayotembea hata bila JavaScript. Kiisha tuongeze fetch, na seva isome kichwa cha Accept: anayeomba JSON apewe JSON, mwingine apewe 303. Sheria za kukagua data ziandikwe pahali pamoja, zitumike kwa wote wawili.

Lakini tusijidanganye: hayo yote peke yake hayangeniokoa mimi. 303 inazuia hatari ya kupakia upya. Kufunga buto kunazuia kidole chenye haraka. Mtandao ukikatika baada ya seva kuandika, kabla jibu halijafika, mtu atatuma tena, na ana haki. Dawa ni fomu kutoka na namba yake ya pekee, imefichwa ndani. Hifadhidata ikatae namba hiyo mara ya pili, na seva irudishe risiti ile ya kwanza. Ningebonyeza mara kumi, dosie ingebaki moja.

Wenzangu munaotengeneza saiti za shule na za hospitali, jaribuni fomu yenu mukiwa na mega za mwisho. Zimeni mtandao katikati, muwashe, mubonyeze tena. Kiisha fungueni hifadhidata muhesabu dosie. Mumepata ngapi?